Ardhi Chachu

Mwalimu alikuwa akila udongo. Naanza na hilo kwa sababu mtaani kwetu Kismayo kila mtu huanza nalo, na nisipolisema mimi atalisema mwingine kwa ubaya. Si kula kwa kushiba, wala si ule udongo wanaoutamani wenye mimba. Alikuwa akichota kidogo kwa ncha ya kidole, anaugusisha ulimini, anafumba jicho moja, anatema kwenye leso, kisha anatoa hukumu. "Huu mzima." "Huu umechoka." Na akiwa amekasirika: "Huu una kinyongo." Leso yake ilikuwa na maua ya samawati alipohamia kwetu, na baada ya miaka michache hakuna aliyeweza kukuambia kuwa iliwahi kuwa na maua.

Sitasema alikuwa mtoto wa nani. Wanaojua wanajua, na mwenyewe alikuwa hapendi. "Uliza nimefundisha akina nani," alikuwa akisema, "usiulize nimezaliwa na nani." Inatosha kwamba damu yake ni ya visiwani kama yangu, kwamba vita vilimpeleka Mombasa angali kijana, akafundisha sayansi huko mpaka mvi zikamtoka, na kwamba aliporudi Kibajuni cha utotoni kilikuwa kimemtoka, amekuja na Kiswahili cha darasani, kimepigwa pasi, kila neno na kola yake. Sisi tulikuwa na Kibajuni chetu, ambacho hakijawahi kuona pasi. Sijapata kucheka maishani mwangu kama nilivyocheka katika ufa ulio kati ya lugha mbili hizo.

Mimi ni fundi wa mashua. Karakana yangu ilipakana na uwa wake, ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ulikuwa na tundu. Kupitia tundu lile alikuwa akinipa chai na mimi nikimpa maranda ya kuwashia moto, na kupitia tundu lile tuligombana miaka kumi na moja bila kuchoka. Alikuwa akigombana vizuri sana. Hakutukana, hakupaza sauti. Alikuwa anakuuliza swali moja dogo, kisha anakusubiri mpaka ujiaibishe mwenyewe.

Nyuma ya mtaa wetu kuna kichaka, au msitu, inategemea unamuuliza nani. Mwalimu alisema msitu. Huko ndiko nilikokata mataruma, zile mbavu za mashua, kutoka kwenye miti iliyozaliwa na mapindo yake, maana taruma la kupinda kwa nguvu halina maisha. Ubavuni mwa msitu kuna kiwanda cha barafu, na kwa zaidi ya miaka ishirini mashine zake zilikunywa dizeli na kupuliza moshi mweusi juu ya miti ile. Hakuna aliyelalamika. Bila barafu samaki wanaoza, na mwenye kiwanda alikuwa mtu mwema, kila harusi analeta barafu ya sharubati bure. Mwishowe akaweka paneli za jua, mashine zikanyamaza, hewa ikatakata, na sisi tukasema: haya, sasa miti itapona.

Haikupona. Miti mikubwa ikaendelea kukauka kuanzia kileleni, na chini yake hakukuota kitu. Mwalimu akapanda miche ya mikwaju kwa misimu mitatu ya mvua, na kila msimu miche ikafa: majani yanageuka manjano, mizizi inakuwa vigutu, kwisha. Wazee wa mtaa wakakaa. Mwenye barafu alikuwa ameomba ile ardhi, kwa adabu, aifanye uwanja wa magari yake, na wazee hawakuona sababu ya kumnyima mtu ardhi iliyokufa. Mwalimu akaenda kuwaomba mwaka mmoja tu.

Mwenyekiti wa wazee, mzee mrefu mwenye bakora na masikio mabovu, akampa. "Mwaka moya, Mwalimu," akasema. "Ukipita na mche moya umesimama hai, kichaka ni chetu na wewe ndiye bibi yake. Ukipita na usisimame hata moya, twampa bwana wa barafu, na usiniletee tena makaratasi."

Mwalimu aliporudi nilimwona kupitia tundu la ukuta. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jiko, hajatia maji birikani. Hakuwa na mume tena, binti yake yuko mbali, na kile kichaka ndicho alichokirudia kutoka Mombasa. Utotoni aliwahi kuanguka huko kutoka mtini na kovu bado analo kwenye kiwiko. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, nikapiga msumari ukapinda.

Lakini nisije nikamfanya kuwa walii. Mtu huyu aliyekuwa akifuatilia moshi wa jirani kama polisi alikuwa na chetezo kisichozimika. Udi asubuhi, ubani adhuhuri, uunsi wa Kisomali jioni wageni wakija. Ukifungua mlango wake ulikuwa huoni kiti mpaka ukikalie. Siku moja nilimwambia, "Mwalimu, huu nao ni moshi." Akaniuliza, "Fundi, umewahi kuona kiwanda kinachopaka nguo harufu nzuri?" Nikasema sijaona. "Basi," akasema, akafukiza zaidi, mimi nikatoka nje nikikohoa.

Na hofu yake kubwa, mwanamke huyu asiyeogopa wazee wala wenye magari, ilikuwa kuku. Kuku mmoja tu akiingia uwani alikuwa anapanda juu ya ndoo na kuniita.

Sasa niseme habari ya msiba, maana mtu asiyeujua msiba ule hamjui Mwalimu. Hii ilikuwa zamani kidogo, mashine za dizeli zikiwa bado zinanguruma. Nyuma ya kiwanda, kwenye hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara, kulikuwa na mkoko mkubwa wa aina ile ambayo vitabu vinaiita mchu. Asubuhi moja Mwalimu akaukuta umekauka wote. Akarudi mtaani mbio, mtandio shingoni, akasimama mbele ya msikiti akapiga kelele, "Jamani, mchu umekufa! Mchu mkubwa, nyuma ya kiwanda cha barafu!"

Kwetu sisi mchu ni mtu. Ngeli ilikuwa ikitupigia makofi, umekufa si amekufa, lakini nani anasikiliza ngeli kwenye msiba? Wanawake wakaanza kulia. Vijana wakaenda kuchukua jeneza. Mwenyekiti akatoka na sanda kwapani, kwa sababu mzee yule huweka sanda tayari nyumbani kwake.

"Ni mchu gani?" akauliza.

"Mkubwa!" akasema Mwalimu, machozi yanamtoka kweli. "Wa miaka na miaka!"

"Inna lillahi. Kazi yake ilikuwa nini?"

"Kushika udongo!"

Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Mchimba kaburi," akasema kwa huzuni. "Na sasa nani atamchimbia yeye?"

Tukaenda wote, jeneza mabegani, mpaka hori, na pale tukasimama mbele ya mti. Mwenyekiti aliutazama mti, akaitazama sanda, akamtazama Mwalimu, ambaye sasa ndiyo kwanza anaelewa na uso wake umekuwa mwekundu. "Haye," akasema mzee. "Maadamu tumeshakuja, someni Fatiha." Tukasoma. Nilisoma huku nimeuma mkono wa kanzu yangu, na jirani yangu wa kushoto mabega yalikuwa yakimtetemeka, na hakuwa akilia.

Mpaka leo mtaani mtu akichelewa kulipia chai watu husema, "Mngoje, amekwenda kumzika mkoko."

Basi turudi kwenye ule mwaka mmoja. Mwalimu alikuwa anashuku kitu, na ulimi wake ndio uliomwambia, lakini ulimi si ushahidi kwa wazee. Asubuhi moja akaweka mdomo kwenye tundu la ukuta.

"Fundi, ukipata nafasi niletee makopo ya udongo wa ardhi chachu."

"Ardhi chachu?"

"Ardhi chachu. Nataka kupima."

"Imekwisha hiyo," nikasema. Niliona fahari kutumwa kazi ya sayansi. Na zaidi nilifurahi kusikia kwamba hatimaye Mwalimu anasema kama sisi, maana kwetu hesabu ni moya, mbili, chachu. Ardhi chachu: ardhi tatu. Nikaanza palepale. Kopo la kwanza nililijaza chini ya ukuta wa kiwanda cha barafu. La pili, mwisho wa msitu, upande wa barabara, ambako moshi ulikuwa ukifika kwa nadra. La tatu likanipa taabu, ardhi ya tatu iwe ipi? Nilikuwa nakwenda Chula, kisiwani kwetu, kwa harusi ya mpwa wangu, basi nikachota huko, nyuma ya jiko la marehemu mama yangu, nikarudi nalo Kismayo limefungwa kwa kitambaa, siku nne limekaa mapajani mwangu na kila mtu akiuliza kama ni halua.

Nikayapanga mbele yake. "Ardhi chachu, Mwalimu," nikasema. "Moya. Mbili. Chachu."

Akayatazama makopo. Akanitazama mimi. "Fundi," akasema polepole, "chachu. Chachu kama ndimu! Ardhi iliyochacha!"

"Si ungesema kali?"

Alicheka mpaka akakaa kwenye maranda. Mimi nilicheka kwa aibu kwanza, kisha kwa raha, na kila tulipotulia mmoja wetu alisema "moya" na tukaanza upya.

Lakini kwa kuwa makopo yalikuwa pale, akayapima yote. Alitia udongo wa kila kopo kwenye maji, akachuja kwa kitambaa chepesi, kisha akamimina maji ya kila moja kwenye bilauri yenye maji ya karkade, yale maua mekundu ya kutengeneza kinywaji, maana rangi yake hugeuka kufuatana na kinachotiwa. Bilauri ya kiwandani ikawaka nyekundu kama rangi ya midomo. Ya barabarani ikawa zambarau iliyopoa. Ya Chula ikageuka kijani. Kijani, wallahi! Nilidhani ni uchawi, na udongo wa jikoni kwa mama yangu ndio uliofanya uchawi wenyewe.

Mwalimu hakucheka tena. Akanieleza huku anatembea uwani, na nitaeleza nilivyoelewa mimi. Ule moshi ulikuwa hauendi popote. Ulipanda, ukachanganyika na unyevu, ukarudi chini na mvua, na mvua ile ilikuwa na ukali kidogo, wa mtu kunywa asijue. Lakini ilikuwa kidogo kila mvua, miaka ishirini na zaidi. Udongo wetu wa bara ni mchanga mwekundu, hauna cha kujitetea nacho. Mvua ikauosha chokaa yake na vyakula vya miti, ikavisukuma chini visikofikiwa, halafu ikaamsha madini ya alumini yaliyokuwa yamelala ndani ya udongo bila kumsumbua mtu, nayo yakaanza kuunguza ncha za mizizi. Mashine zimezimwa, moshi umekwenda zake, ila udongo haujui kuwa umekwenda. Utakaa hivyo miaka na miaka.

"Ndiyo maana nasema una kinyongo," akasema. "Aliyemkosea ameomba radhi, yeye bado amenuna."

"Na Chula?"

"Chula yote imekaa juu ya matumbawe na makombe, Fundi. Ni chokaa tupu. Ungeimwagia siki ingetoa povu ikakucheka." Akasimama. "Kama ungeniletea nilichokuomba, ningejua ugonjwa tu. Umekosea, umeniletea na dawa."

Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu yeyote, na nilikuwa nimesifiwa kwa ujinga wangu.

Wakati huo Mwenyekiti akapiga hodi. Alikuja kutukumbusha kuhusu mwaka. Akaketi, akaona bilauri tatu za rangi, na kwa kuwa ni mgeni na jua lilikuwa kali, akachukua ile nyekundu akainywa yote kabla Mwalimu hajafungua mdomo.

"Karkade hii mbona kali hivi?" akasema akikunja uso. "Na ina mchanga."

"Mzee," akasema Mwalimu, "hiyo ndiyo ardhi unayotaka kumpa bwana wa barafu."

Mzee akaitazama bilauri tupu. Akaelezwa habari yote ya ardhi iliyochacha, akasikiliza kwa sikio lake lenye nafuu, kisha akaweka bakora katikati ya magoti. "Mwalimu, nakubali ni kali, nimeinywa. Lakini nijibu kichu kimoya. Wewe wapanda mikwaju. Ukiiondolea ardhi ukali, ukwaju utaupata wapi ukali wake?"

Ndiyo mara ya pekee niliyomwona Mwalimu hana swali dogo la kuuliza. Mzee akaondoka ameshinda, na kwa wiki nzima hakuna aliyekunywa chai mtaani bila kusikia alivyomshinda Mwalimu.

Tukaanza kazi. Hatukutaka kuvunja matumbawe. Chula kuna malundo ya makombe ambayo watu wamekula na kuyatupa tangu mababu, na shangazi zangu walishangaa kwamba kuna mtu anayataka. Niliyaleta magunia kwa magunia. Ili yawe chokaa ilibidi yachomwe, na Mwalimu akajenga tanuri uwani. Moshi kama uliotoka siku ile haukuwahi kutoka hata kiwandani. Majirani wakaja mlangoni, macho yanawatoka maji, wakauliza kama si yeye aliyetuhutubia miaka yote juu ya moshi. "Huu ni moshi wa dawa," akajibu kutoka ndani ya wingu, na kuku wote wa mtaa walikimbia, jambo ambalo naamini lilimfurahisha kuliko chokaa.

Akapima chokaa kwa kikombe cha kahawa. Kikombe kimoja, shimo moja, changanya, ngoja, ndipo upande. Mimi niliona ni ubahili, na alipogeuka nikamwaga nusu gunia kwenye safu nzima ya mwisho. Safu ile ilikufa yote. Nilikiri baada ya siku tatu kupitia tundu la ukuta, kwa sababu uso kwa uso nisingeweza. Kutoka upande wa pili nikasikia, "Hata mtu mwenye njaa humlishi mbuzi mzima, Fundi." Akanipa chai.

Katikati ya mwaka macho yakamsumbua, binti yake akaja kumchukua akatibiwe Mombasa. Aliniachia kile kikombe cha kahawa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Usiniambie kwa simu," akasema. "Habari nzuri au mbaya, usiniambie. Nitakuja mwenyewe." Basi alipokuwa akipiga simu tulizungumza juu ya samaki, juu ya ndoa za watu, juu ya kuku, na kila mara tuliagana bila kuutaja mche hata mmoja. Miche ilikuwa ikifa. Ile ya karibu na ukuta wa kiwanda ilikufa yote, chokaa au si chokaa. Nilikwenda kila asubuhi kabla ya kushika randa, na niliogopa kama ninayekwenda kumwangalia mgonjwa.

Alirudi siku yenyewe ya mwaka kutimia. Alishuka garini amekonda, amevaa miwani myeusi mikubwa, jicho moja bado limefungwa, na jingine, alisema, linaona vivuli tu. Nilimshika mkono nikamwongoza mpaka ukingo wa msitu. Nilitaka kumwambia. Akanikanyaga mguu, kusudi kabisa.

Mwenyekiti alikuwa ameshaingia ndani na bakora yake, anapita safu kwa safu, na kwa kuwa masikio yake ni mabovu hajui kusema kwa kiasi. Ama hasikiki, ama anasikika bandarini. Tulimsikia akigusa vijiti vikavu, tak, tak. Safu ya kwanza, kimya. Safu ya pili, kimya. Mkono wa Mwalimu ulikuwa umenibana mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Mzee akapotea nyuma ya mti mkubwa, akakaa huko, na ghafla akapaza sauti:

"Chachu!"

Mwalimu akaniachia mkono. Alitoa pumzi ndefu, akajinyoosha mtandio, akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "Basi. Mpeni ardhi yake. Bado ni chachu."

Nilimtazama. Miaka kumi na moja! Miaka kumi na moja ya tundu la ukuta, na siku moja tu iliyokuwa na maana, hofu imemrudisha kwenye Kiswahili cha darasani. Kicheko kilinipanda kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka, na yeye, asiyeniona, alidhani nalia, akanipigapiga mgongoni kunifariji.

"Mwalimu," nikapata kusema, "ya kwetu! Chachu ya kwetu! Moya, mbili—"

Akasimama wima. Mdomo wake ukajaribu neno bila sauti. Kisha akanisukuma akaanza kwenda peke yake kuelekea sauti ya mzee, mikono mbele, anajikwaa kwenye vijiti vikavu, nami nyuma yake, mpaka mzee akampokea na kumwinamisha. Akashika mche wa kwanza, akahesabu vijani vyake kwa vidole. Akashika wa pili. Akashika wa tatu, akakaa chini kabisa kwenye vumbi na miwani yake, akaanza kucheka. Mwenyekiti akauliza anacheka nini, kisha naye akacheka kwa kutufuata.

"Kichaka ni chetu," akasema mzee alipopata pumzi. "Ila ukwaju wake ukitoka hauna ladha, nitakuja kudai."

Mwalimu akachota udongo kidogo chini ya mche wa tatu, akaugusisha ulimini. Alifumba jicho ambalo tayari lilikuwa limefungwa. Hakutoa hukumu. Akachota tena, akanyoosha kidole kuelekea niliko, na mimi niliyekataa miaka yote, niliyemwita mla udongo mbele ya watu, nikafungua mdomo.

"Unasikia nini?" akauliza.

Nikangoja. Nikauzungusha ulimini. "Sisikii kitu, Mwalimu. Hauna ladha yoyote."

"Alhamdulillahi," akasema, akanipa leso niteme.